Jua letu, stima ya nani?

Vijana, mnakumbuka 2019? Juni, mahakama ya mazingira ilifuta leseni ya mtambo wa makaa ya mawe uliopangiwa Lamu, megawati 1,050. Desemba hiyo hiyo, mtambo wa sola wa Garissa ukazinduliwa: megawati 50, paneli zaidi ya laki mbili kwenye hekta 85.

Ndiyo, 50 si kitu mbele ya 1,050. Lakini makaa yanaacha moshi na jivu, na bahari inarudishiwa maji ya moto. Mvuvi wa Lamu ndiye angelipa. Paneli hazichomi kitu. Maji yake ni ya kuoshea vumbi tu (na Garissa vumbi halikosekani!). Tena jua haliletwi na lori, si kama dizeli iliyowasha taa za Wajir na Mandera miaka nenda miaka rudi.

Sasa mbona stima inaingia gridi ya taifa, inapita juu ya manyatta, na mama chini ya waya bado anamulika kwa koroboi?

Hatukatai sola, tunataka nyingi zaidi. Ila malisho yasizungushiwe ua kimyakimya. Sheria ya Ardhi ya Jamii ya 2016 inasema mwekezaji hapewi ardhi hiyo mpaka thuluthi mbili ya watu wazima wa jamii wakubali mkutanoni. Mkutano ukiitwa kwenu, msiwaachie wazee peke yao. Nendeni, muulize vijiji gani vitaunganishwa, na iandikwe kwenye mkataba kabla ya mtu kutia sahihi.