Njia Tuliyojengewa na Kunyang'anywa

Safari hii tunazungumza juu ya barabara, na kwa namna ya pekee Barabara ya Morogoro jijini Dar es Salaam, kuanzia Kimara hadi inapoingia katikati ya mji. Atakayeuliza barabara inamhusu nini padre, tunamjibu kwamba wanaogongwa barabarani huletwa kwetu tuwazike, na tumechoka kuambiwa kila mara kwamba ilikuwa ni bahati mbaya.

Awamu ya kwanza ya mabasi yaendayo haraka ilianza kutoa huduma mwezi Mei mwaka 2016, katika njia zenye urefu wa takriban kilomita 21. Macho ya watu wengi yalikwenda kwenye mabasi. Ni wachache waliotambua kwamba kando ya barabara ile kulijengwa pia njia ya waenda kwa miguu, na sambamba nayo njia ya baiskeli. Mwaka 2018 Jiji letu lilipewa Tuzo ya kimataifa ya Usafiri Endelevu, na njia hizo zilikuwa sehemu ya sifa tulizomwagiwa. Je, ni nani leo anayeweza kutoka Ubungo hadi Magomeni kwa baiskeli juu ya njia hiyo bila kushuka? Hapa limeegeshwa gari la mtu aliyeingia dukani "mara moja tu". Pale bodaboda wamefanya kijiwe. Mbele kidogo pikipiki zinakuja kwa kasi juu ya njia ya miguu kwa sababu barabarani kuna foleni. Mwisho wa yote mwenye baiskeli hurudi kule kule alikokuwa kabla ya mradi, pembeni ya lami, kati ya daladala na lori.

Na tumtazame vizuri mwenye baiskeli huyu, maana wapo wanaodhani tunawatetea wanamichezo wa Jumamosi. Ni muuza samaki aliyetoka soko la Feri alfajiri na tenga nyuma ya kiti. Ni mnoa visu, ni mchuuzi wa mikate, ni mlinzi anayerudi kutoka lindo la usiku na usingizi machoni, ni mwenye guta aliyebeba mzigo wa watu wengine kwa jasho lake. Huyu hachafui hewa, hasababishi foleni, wala hahitaji maegesho. Mji unapata faida kwake, kisha unamlipa kwa kumwacha agongwe. Umoja wa Waendesha Baiskeli, UWABA, umedai njia salama kwa miaka mingi, nao haukuomba anasa.

Hapa ndipo ilipo hoja yetu. Njia iliyojengwa bila kulindwa haibaki kuwa njia. Dereva wa Dar es Salaam hazuiwi na rangi, wala na tofali la rangi nyingine, wala na kibao. Huzuiwa na zege. Inahitajika nguzo imara kila mahali gari linapoweza kupandia, na ukingo mrefu pale njia inapopakana na lami. Kila mtaa wa pembeni unapoingia barabara kuu, njia ya miguu na ya baiskeli iendelee kwa usawa wake, ili gari ndilo lipande na kushuka, nalo lipunguze mwendo. Haya si mambo ya utaalamu wa mbali. Tunayafahamu sana tunapotaka kulinda kuta za nyumba zetu. Mtu hachori mstari mbele ya ukuta wake akidhani lori litauheshimu.

Tunaambiwa kwamba tatizo ni nidhamu, si nguzo. Basi na tuzungumze juu ya nidhamu. Mwaka 2021 wamachinga waliondolewa kandokando ya barabara za jiji hili, na sababu mojawapo iliyotolewa ni kwamba njia zile ni za waenda kwa miguu. Hatutaki hapa kufufua mjadala ule. Tunauliza tu: kama meza ya nyanya ilikuwa kizuizi, gari la tani mbili juu ya tofali zile zile ni nini? Mbona ukali ule haujamfikia mwenye gari? Nidhamu inayoanza na kuishia kwa mnyonge haistahili kuitwa kwa jina hilo.

Tuje kwenye vivuko, maana huko ndiko mauti yaliko karibu zaidi. Vituo vya mabasi yaendayo haraka viko katikati ya barabara. Maana yake ni kwamba hakuna abiria anayeanza wala kumaliza safari yake bila kuvuka upande mmoja wa magari. Upande huo, katika sehemu kubwa ya Barabara ya Morogoro, una njia mbili, yaani kama mita 7. Mtu mzima mwenye afya huzivuka kwa sekunde 6 hivi. Bibi mwenye mkongojo, au mama mwenye mtoto mgongoni na mwingine mkononi, huhitaji sekunde 9 au zaidi. Gari linalokwenda kilomita 50 kwa saa, ambao ndio mwendo wa juu unaoruhusiwa na sheria katika maeneo ya makazi, hukata karibu mita 14 kila sekunde. Kwa hiyo gari ambalo bibi huyo alipokanyaga lami lilikuwa umbali wa mita 120 limekwisha kufika alipo kabla hajamaliza kuvuka. Hapo tumehesabu mwendo halali. Mwendo halisi kila mmoja wetu anaujua.

Tena kuna lile ambalo kila mkazi wa jiji hili amelishuhudia. Dereva wa kwanza, kwa uungwana wake, anasimama kwenye pundamilia na kumpungia mtu mkono apite. Dereva wa pili, katika njia ya pembeni, anaona mwenzake amesimama, anadhani ameharibikiwa au anashusha abiria, naye anampita. Aliyepewa ruhusa ya kuvuka anakufa kwa sababu ya uungwana wa mtu mmoja. Mistari myeupe peke yake juu ya barabara ya njia mbili inaweza kuwa mtego. Kivuko cha namna hiyo kinahitaji kuinuliwa kama tuta pana, ili magari yote mawili yalazimike kupunguza mwendo, au kiwekewe taa zinazofanya kazi usiku na mchana.

"Basi wajengewe madaraja ya juu," wanasema wenye magari, na wanapoona watu wanapita chini ya daraja wanawaita wazembe. Manzese kuna daraja la juu la miaka mingi, hata eneo lenyewe likaitwa Darajani. Hatulikatai daraja mahali linapofaa. Lakini ni nani aliyeamua kwamba mwenye mguu mbovu ndiye apande ngazi na kushuka upande wa pili, ili mwenye injini asikanyage breki? Asiyeweza kupanda na ndoo ya maji kichwani tunamwita mzembe. Anayepita kwenye kivuko akizungumza na simu tunamwita bosi.

Shirika la Afya Duniani, katika taarifa yake ya mwaka 2023, lilikadiria kwamba watu milioni 1.19 walikufa barabarani duniani kote mwaka 2021, na kwamba ajali hizo ndizo zinazoongoza kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Mawaziri waliokutana Stockholm mwezi Februari mwaka 2020 walikubaliana kwamba penye mchanganyiko wa watu na magari, mwendo usizidi kilomita 30 kwa saa. Wala hatuhitaji kwenda Stockholm kujifunza. Hapa hapa Dar es Salaam, shirika la Amend lilichukua shule za msingi zilizo katika hatari, likatengeneza vijia vya miguu, matuta, vivuko na nguzo, na penginepo likahamisha geti la shule kutoka barabara kubwa kwenda mtaa wa pembeni. Majeraha ya watoto yalipungua kwa takriban robo. Kazi hiyo ilishinda Tuzo ya Ross ya Taasisi ya Rasilimali za Dunia mwaka 2019, ikipewa dola 250,000 za Marekani. Dunia imekuja kujifunza kwetu jambo ambalo sisi wenyewe tunapita kando yake.

Na asitokee mtu kutuambia kwamba baiskeli ni desturi ya Waholanzi. Mwaka 1971 Uholanzi ilipoteza watu wapatao 3,300 barabarani, zaidi ya 400 kati yao wakiwa watoto. Wazazi wakaingia mitaani kupiga kelele. Njia zilizolindwa zilizoko huko leo zilifuata kelele hizo.

Fedha je? Pale Ubungo, Daraja la Kijazi lenye ngazi tatu lilizinduliwa mwezi Februari mwaka 2021 kwa gharama ya zaidi ya shilingi bilioni 200. Hatulilalamikii, foleni ya Ubungo ilikuwa adhabu kwa wote. Lakini taifa lililomudu kuyapandisha magari juu ya magari haliwezi kutuambia kwamba limeshindwa kupata zege la nguzo na lami ya matuta.

Wapendwa, Barabara ya Morogoro iko chini ya TANROADS. Mitaa mingi inayoingia humo iko chini ya TARURA, na vituo viko chini ya Wakala wa Mabasi Yaendayo Haraka. Kila mmoja hupenda kukuelekeza kwa mwenzake, hivyo barua iandikwe kwa wote watatu kwa pamoja, na nakala ipelekwe kwa diwani. Mkutano wa mtaa ujao, simameni mkataje kivuko kwa jina la mahali kilipo na saa ambazo watoto huvuka, maana ombi la jumla hujibiwa kwa maneno ya jumla. Viongozi wa jumuiya ndogondogo wanaweza kuanza kuorodhesha vivuko hivyo mwezi huu.

Na ninyi mnaokuja Misa kwa magari katika makanisa yaliyo kando ya barabara hiyo, ingieni mkaegeshe ndani ya uwanja, hata kama itawachelewesha kutoka baada ya Misa. Njia ya baiskeli iliyo nje ya geti ibaki wazi kuanzia Dominika hii.