Acheni kuendesha gemu kwa marudio ya kibodi!

Leo nina ugomvi. Vijana wa hapa Katelembo na Machakos mjini huniletea gemu walizoandika wenyewe, jambo zuri sana, lakini karibu zote zina ugonjwa mmoja. Tuseme ni matatu inayokwepa mashimo. Unashikilia mshale wa kulia: gari linasogea hatua moja, linaganda kama limesimamishwa na trafiki, halafu linaanza kurukaruka. Ukiuliza, unaambiwa kompyuta ni ya mtumba. Uongo! Kompyuta haina hatia hapa.

Wenye hatia ni waandishi wa yale masomo ya "tengeneza gemu kwa dakika kumi". Wanamfundisha mwanafunzi kwamba kila tukio la kitufe likifika, aongeze x kwa 10. Basi, wamemaliza, wanaomba sifa. Hawamwambii kuwa marudio ya kibodi yalitengenezwa kwa ajili ya mtu anayechapa barua. Windows humruhusu mtumiaji kuchagua kusubiri kuanzia robo sekunde hadi sekunde nzima kabla ya herufi kuanza kurudiwa. Kibodi ya PS/2 ikiwashwa, kawaida yake ni kusubiri nusu sekunde, kisha kurudia kama mara 11 kwa sekunde. Kwa karani ni sawa. Kwa dereva wa matatu ni ajali.

Na kuna baya zaidi: kinachorudiwa ni kitufe cha mwisho tu. Shikilia mshale, kisha gusa spesi upige honi. Marudio ya mshale yamekatika, na hata ukiachilia spesi hayarudi! Mchezaji amekandamiza kitufe kwa nguvu zake zote na bado kaingia shimoni. Sasa mfikirie mtu ambaye mikono yake hutetemeka, akazima marudio kwenye mipangilio ili aweze kuandika. Gemu yako umemfungia nje kabisa, na wala hujui.

Dawa ni mistari michache. Weka jedwali la vitufe: kikibonyezwa andika kweli, kikiachiliwa andika si kweli, na yale marudio yapuuze. Kila fremu soma jedwali, kisha zidisha mwendo kwa muda uliopita tangu fremu ya mwisho, ili mashine ya fremu 30 na ya fremu 60 ziende sawa. Wa Pygame mna pygame.key.get_pressed(), kazi mmefanyiwa tayari. Kuruka au kusimamisha gemu ni habari nyingine: hayo yafanyike mara moja tu, kitufe kinapotoka juu kwenda chini, na uyakamate kwenye tukio lenyewe, maana mguso wa haraka unaweza kuanza na kuisha kati ya fremu mbili. Dirisha likipoteza umakini, futa jedwali lote, la sivyo gari litajiendesha lenyewe.

Najua kuna mjuaji atasema, "Mbona Tetris hurudia?" Ndiyo, ile ya NES ya 1989 husubiri fremu 16, kisha husogeza kipande kila baada ya fremu 6. Lakini hizo hesabu zimo ndani ya gemu yenyewe! Waliozichagua ni walioiandika, si kiwanda cha kibodi.

Kontrola ndiyo huwaumbua kabisa. Kwenye kivinjari haikuletei tukio la kitufe hata moja. Lazima uiulize kila fremu kwa navigator.getGamepads(). Aliyezoea kungoja marudio atangoja hadi Krismasi. Na kijiti kilichochakaa hakirudi sifuri kamili, kwa hiyo kila kilicho chini ya 0.2 hivi kihesabu kuwa kimetulia.

Anayebisha aniletee gemu yake. Tutashikilia mshale na honi pamoja, tuone.