Nimeacha kununua kompyuta mpya ya bei rahisi

Samahani kwa kimya, nimepangiwa zamu za usiku mfululizo, nikirudi hapa Kensington ni kulala tu.

Leo nasema jambo litakaloudhi baadhi yenu: anayeniomba kompyuta mpya ya kwenye boksi, namjibu hapana. Si uchoyo jamani.

Mnakumbuka mdogo wangu alipoanza chuo cha uuguzi Tanga? Nilimnunulia laptopu mpya kwenye duka moja kubwa hapa. Dola 399, inang'aa, nyepesi kama daftari. Muuzaji akasema inamtosha kabisa mtu anayeanza. Mimi nesi, niulize mambo ya dripu. Kwenye kompyuta nilikuwa naangalia rangi na bei. Kumbe ndani ina RAM ya GB 4 na hifadhi ya GB 64, ambacho ndicho kiwango cha chini kabisa Microsoft wanachokitaka ili Windows 11 ikubali kuingia. Yaani mgeni kaingia na chumba kimejaa. Baada ya miezi michache ikawa inalalamika haina nafasi, akifungua notisi na intaneti kwa pamoja inaganda. Fundi akaifungua, akakuta RAM na hifadhi vyote vimechomelewa kwenye bodi, hakuna cha kubadilisha. Ripoti yake ya wodini akaiandika kwa simu, kwa vidole gumba, usiku kucha. Aliponiambia nililia, nisiwafiche.

Najua kaka atasema mpya ina dhamana. Dhamana ya Sydney itamsaidia nini mtu wa Tanga?

Tatizo letu ni aibu. Shati la mtumba tunalisifia kuwa ni imara kuliko la dukani, ila kompyuta ya mtumba tunaona tumedharauliwa. Wakati maofisi hutumia kompyuta miaka mitatu minne, kisha zinasafishwa na kuuzwa. Hizi ThinkPad, Latitude na EliteBook zimetengenezwa kwa watu wanaozitumia kutwa nzima, na nyingi fundi anaweza kuzifungua akaongeza RAM au kuweka SSD kubwa zaidi. Ninayoandikia sasa ni Latitude ya namna hiyo, nimeuziwa dola 290 na mwanafunzi wa chuo kikuu cha hapa UNSW aliyekuwa anarudi kwao. RAM GB 8, SSD GB 256. Msikubali chini ya hapo.

Ila mtumba una mitego. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo kompyuta nyingi za zamani zinauzwa kwa bei ya kutupa. Nyingi hazikidhi masharti ya Windows 11. Kama ni ya Intel, angalieni namba baada ya i5. i5-6300U ni kizazi cha 6, iacheni. i5-8350U ni cha 8, hiyo inakubali. i5-10310U ni cha 10, nzuri zaidi. (Anayependa Linux Mint hata ile ya kizazi cha 6 itamfaa, lakini kwa anayeanza peke yake sishauri.)

Iwasheni hapo hapo dukani. Ikidai nenosiri la kampuni fulani, rudisheni. Kisha betri, maana umeme wetu mnaujua: fungueni cmd, andikeni powercfg /batteryreport, itatengeneza ripoti yenye uwezo wa betri ilipotoka kiwandani na uwezo wake wa sasa. Ikibaki nusu, shusheni bei au ulizeni betri mpya ni shilingi ngapi. Na programu ya kuandikia msinunue, LibreOffice ni ya bure.

Haya, mdogo wangu, hela nimetuma kwa kaka. Ukija Dar Jumamosi mwende wote Kariakoo, usiende peke yako. Kabla ya kulipa nipigieni picha ya namba ya i5 na ile ripoti ya betri. Nendeni alasiri, kwangu itakuwa usiku wa manane na nitakuwa zamu. Nikipata mapumziko tu nitajibu. Msilipe kabla sijajibu.