Pambo la Mtu Mzima

Wako wasemao kwamba mwanamke aliyekwisha kuwa bibi hana haja tena ya pambo. Akiingia dukani kuchagua herini, mkufu au mtandio, vijana humcheka, na mwenye duka humwonyesha vitu vya wasichana tu. Wengine huongeza kuwa mapambo ya dukani ni ugeni unaoua utamaduni wetu. Sisi twazikataa hoja zote mbili.

Na tuitazame Mazinde, wilayani Korogwe. Katika karne ya 19, enzi za Semboja, mtawala wa ukoo wa Wakilindi, misafara iliyofuata bonde la Mto Pangani ilipita hapo na nguo na shanga za ng'ambo. Shanga nyingi za kioo za biashara hiyo zilitengenezwa Venice. Leo nani aziitaye za kigeni? Bibi zetu walichagua rangi, wakazitunga, wakazipa maana. Kanga nayo ilitokana na vitambaa vya madukani. Wanawake wa pwani wakaifanya iwasemee.

Basi kitu huwa chetu pale tunapokichagua na kukipa maana. Ni nani ajuaye maana hizo kumshinda mama mtu mzima? Amelima, amelea, fedha anayotoa dukani ni jasho lake. Kumcheka ni kumfukuza mwalimu darasani.

Wahenga walisema, utu uzima dawa. Enyi walimu na wanafunzi, tusiiheshimu dawa hiyo kwa maneno huku tukiivika matambara.