Kilomita Gawanya kwa 850? Hapana Jamani

Haya wasomaji, leo nina neno na zile tovuti za kukokotoa umbali wa ndege. Unaandika uwanja wa kwanza, unaandika wa pili, unabofya, na papo hapo unapewa kilomita na muda wa safari. Kilomita sina ugomvi nazo. Muda ndio unaonikera.

Umbali ni hesabu safi. Programu inachukua latitudo na longitudo za viwanja viwili, inaichukulia dunia kama mpira wenye nusukipenyo cha kilomita 6,371, kisha inatafuta njia fupi zaidi juu ya mpira huo. Kweli dunia imebonyea kidogo kwenye ncha zake, lakini kosa halifiki asilimia moja. Kutoka Jomo Kenyatta, Nairobi, hadi Moi, Mombasa, utapata kama kilomita 423. Hadi John F. Kennedy, New York, kama 11,840. Mistari kumi ya programu na kazi imekwisha.

Uvivu unaanzia hapo. Mtengenezaji anachukua kilomita hizo na kuzigawanya kwa mwendo mmoja, tuseme 850 kwa saa. Mombasa dakika 30! Sasa fungua ratiba ya shirika la ndege: ni kama saa nzima. Ratiba huhesabu tangu ndege inapoondoka ilipoegeshwa hadi inapoegeshwa tena kule iendako. Kuna kujikokota hadi njia ya kurukia, kungoja zamu, kupanda, kushuka. Tena chini ya futi 10,000 kwa kawaida ndege haizidi kama kilomita 460 kwa saa, na safari fupi kama hii sehemu yake kubwa ni kupanda na kushuka.

Safari ndefu nazo zina upepo. Kenya Airways ilipoanza kwenda New York moja kwa moja Oktoba 2018, ilitangaza muda wa saa 15 kwenda na saa 14 kurudi, kwa sababu pepo za juu huvuma kutoka magharibi. Ile hesabu ya kugawanya inakupa saa 13 na dakika 56, kwenda na kurudi sawasawa. Halafu kuna siasa: vita vilipozuka Sudan Aprili 2023 anga lake lilifungwa, ndege za Nairobi na Ulaya zikalazimika kuzunguka. Latitudo za viwanja hazikusogea hata nukta.

Mtanijibu kwamba chini wameandika "makadirio" kwa herufi ndogo. Sawa, lakini mfikirie mtu wa Mombasa aliyenunua tiketi mbili mbalimbali, moja ya kufika Nairobi na nyingine ya kutoka nchini. Akiziamini zile dakika 30, anajibakishia nafasi finyu ya kuhama ndege. Ya pili ikimwacha, kwa kawaida shirika lile halina wajibu wa kumpa kiti kingine bure. Nauli ya maelfu imekwenda hivyo, na "makadirio" hayamrudishii.

Wenzangu mnaotengeneza vitu hivi, chukueni muda kutoka kwenye ratiba, mwonyeshe kwenda na kurudi kando kando. Kama ratiba hamna, wekeni kilomita peke yake na kile kisanduku cha saa mkiache kitupu.