Tumeirudia Sarafina, na safari hii tumemwona mama yake

Jumamosi iliyopita jioni tulikusanyika katika nyumba moja hapa Edmonton, kaskazini mwa London, wakubwa na watoto, sahani za pilau mapajani, tukaitazama tena filamu ya Sarafina! Wengi wetu tuliiona kwa mara ya kwanza miaka ya tisini, ama kwenye kibanda cha video, ama kwa jirani aliyekuwa na luninga. Nyimbo zake tulizishika kabla hatujajua maana ya maneno yake.

Kwa wale wasioifahamu, filamu hii ilitoka mwaka 1992. Iliongozwa na Darrell James Roodt na kutayarishwa na Anant Singh, wote wa Afrika Kusini. Ilitokana na mchezo wa jukwaani wa Mbongeni Ngema, ulioanza Johannesburg mwaka 1987 na kufika Broadway, New York, mwaka 1988. Nyimbo ni za Ngema mwenyewe na Hugh Masekela. Leleti Khumalo ni Sarafina, msichana wa shule wa Soweto anayezungumza na picha ya Mandela ukutani. Whoopi Goldberg ni mwalimu wake wa historia, na Miriam Makeba ni mama yake.

Chanzo cha hadithi ni maasi ya wanafunzi ya tarehe 16 Juni 1976, walipokataa kufundishwa kwa Kiafrikana, wakapigwa risasi. Ndiyo tarehe ambayo hadi leo Afrika nzima inaiadhimisha kuwa Siku ya Mtoto wa Afrika.

Wapo waliomlaumu Roodt kwa kuchanganya ngoma na damu. Wanauliza, inakuwaje watoto wacheze uwanjani na dakika chache baadaye wawe wanakimbia risasi? Sisi tunaona hapo ndipo alipopatia. Kwetu wimbo haungoji furaha. Watu huimba shambani, huimba kambini, huimba kanisani mbele ya jeneza. Roodt alijua jambo hilo, akaiacha kamera yake kati ya watoto, vumbi likiwapanda miguuni, badala ya kuwatazama kwa mbali kama watalii. Miondoko ilipangwa na Ngema pamoja na Michael Peters, yule aliyeshirikiana na Michael Jackson katika Thriller, lakini ukiitazama huoni Marekani. Unaona watoto wa shule waliovaa sare. Na sauti zinapopanda pamoja unaelewa kwa nini serikali yenye bunduki iliwaogopa watoto wasio na kitu.

Tena hadithi hii ni yetu kuliko tunavyodhani. Baada ya mwaka 1976 vijana wengi walikimbia nchi yao, na baadhi yao wakafika Tanzania. Serikali ya Mwalimu Nyerere ilikipa chama cha ANC lililokuwa shamba la mkonge huko Mazimbu, Morogoro, na hapo ikajengwa shule iliyopewa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na makaburu tarehe 6 Aprili 1979. ANC ilikabidhi majengo hayo kwa Tanzania mwaka 1992, mwaka uleule ambao Sarafina! ilionyeshwa duniani. Leo wanasoma humo wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sokoine. Watoto wetu waliozaliwa hapa hawajui hayo, na kosa si lao.

Lakini kilichotufanya tuandike leo ni swali la mtoto mmoja wa miaka kumi. Mama yake Sarafina anafanya kazi za ndani kwa Wazungu, mbali na wanawe. Sarafina anamwonea haya, anaona mama amekubali kuinama. Mtoto yule akauliza, "Mama, kwa nini anamwonea haya mama yake?"

Wakubwa wote tulinyamaza.

Tulinyamaza kwa sababu jibu tulikuwa nalo. Basi namba 149 linaondoka Edmonton Green usiku kucha kuelekea London Bridge. Panda alfajiri, utatukuta. Tunakwenda kusafisha maofisi ya watu kabla wenyewe hawajaamka. Wengine tunarudi kutoka zamu ya usiku ya kuwatunza wazee. Nyumbani wakitupigia simu kuuliza tunafanya kazi gani, tunasema tuko ofisini. Si uongo. Tuko ofisini, saa kumi alfajiri, na ndoo mkononi.

Tulipokuwa wadogo kila mmoja wetu alitaka kuwa Sarafina, na mama alikuwa mtu wa kupita tu kwenye filamu. Sasa tuna umri wa mama. Tumeona kwamba Sarafina akitoka kizuizini, baada ya mateso, anakwenda kwa mama yake akiwa na moyo mwingine. Makeba hana maneno mengi pale. Uso wake unatosha.

Na kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Wimbo ambao Sarafina anamshukuru mama yake ulikatwa kwenye filamu iliyouzwa mwaka 1992. Ulirudishwa katika toleo la muongozaji, filamu ilipotolewa upya Afrika Kusini tarehe 16 Juni 2006, miaka 30 baada ya maasi. Risasi zilibaki, ngoma zilibaki, kilichoondolewa ni asante kwa mama.

Makeba alifariki mwaka 2008, Masekela 2018, na Ngema kwa ajali ya gari mwezi Desemba 2023. Wote watatu wametangulia, kazi yao imebaki.

Ombi letu kwa wasomaji, mlioko nyumbani na mlioko ughaibuni, ni dogo. Juni 16 ijayo kaeni na watoto mtazame filamu hii. Ikiisha, msikimbilie kuzima na kulala. Waambieni habari za Mazimbu. Kisha waambieni, bila kuficha, mnakwenda wapi na basi la alfajiri. Yule mtoto wa miaka kumi alijibiwa usiku uleule, na asubuhi, tumeambiwa, aliamka mapema kumpikia mama yake chai.