Kuni Nazo Zahitaji Nyumba

Na Mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Ukipita katika vijiji vyetu vya Mtwara, kutoka Nanguruwe hadi Madimba na Msimbati, utaona kwamba kila kitu chenye thamani kina mahali pake. Mahindi na mtama hukaa ghalani. Kuku wana banda lao na mbuzi wana lao. Korosho hupelekwa ghala la chama cha msingi, zikapimwa na kuandikiwa stakabadhi. Kuni tu ndizo zinazolala nje. Hutupwa nyuma ya jiko au huegemezwa ukutani, na mvua ikija zinalowa. Hata hivyo, katika nyumba nyingi za pwani yetu, pasipo kuni hakuna ugali wala samaki, wala maji ya moto ya kumwogesha mtoto.

Maoni yangu ni haya: kila nyumba ipikayo kwa kuni yapaswa kuwa na banda la kuni, na kazi ya kulijenga ni yetu sisi wavulana tulio shuleni, tena katika likizo ya Juni.

Tumefundishwa katika Fizikia kwamba kuyageuza maji yanayochemka kuwa mvuke huhitaji joto zaidi ya mara tano ya lile lililotumika kuyachemsha tangu yalipokuwa baridi. Ukuni mbichi waweza kuwa na maji karibu nusu ya uzito wake. Mama anapoutia jikoni, moto hauanzi kwa kupika chakula. Huanza kwa kuukausha ukuni. Ndiyo maana povu hutoka nchani, moshi hujaa jikoni, na sufuria imekaa kimya. Apikaye kwa kuni mbichi hupika mara mbili: kwanza kuni, kisha wali. Na kuni atakazotumia ni nyingi kuliko zile ambazo zingemtosha kama zingekuwa kavu.

Moshi wenyewe si jambo la mzaha. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba hewa chafu ya majumbani, itokanayo na kupika kwa kuni, mkaa na mafuta ya taa, ilisababisha vifo vya watu wapatao milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020. Kuni kavu nazo hutoa moshi, lakini ni mdogo kuliko wa kuni mbichi.

Sasa tuwaangalie dada zetu. Mvua za kwetu huanza Novemba au Desemba na kuendelea hadi Aprili au Mei. Katika miezi hiyo, nani hutumwa kusenya kuni? Msichana wa Kidato cha Pili atokaye shule ya kutwa alasiri, akaenda kutafuta vijiti vikavu porini, hurudi jua linatua, na daftari lake la Hisabati halijafunguliwa. Kisha matokeo yakitoka, husemwa kwamba wasichana hawapendi Hisabati. Sisi wa bweni tuna saa zetu za kujisomea usiku, na chakula tunapikiwa. Ni haki nasi tuwarudishie dada zetu saa zao.

Tena liko jambo la mikoko. Mikoko ya Msimbati hadi mlango wa Mto Ruvuma imo katika Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, na haikatwi pasipo kibali. Samaki wachanga na kamba hukulia katika mizizi yake, nasi twajua ni watu wangapi hapa wanaoishi kwa wavu na ndoana. Kuni za nchi kavu zikiisha kulowa, ni rahisi mtu kuelekeza jicho lake mikokoni. Mwenye akiba ya kuni kavu hana haja ya kupeleka shoka huko.

Banda lenyewe si kazi ya fundi. Kwanza tazama kuta za nyumba yenu: upande ambao udongo umemomonyoka zaidi ndio unaopigwa na mvua. Mgongo wa banda uelekee huko, na mbele pawe wazi. Liwe mbali na jiko kiasi cha hatua kumi, ili cheche zisilifikie, wala lisiguse ukuta wa nyumba, kwani mchwa hufuata kuni, na kutoka kwenye kuni huingia nyumbani.

Simika nguzo nne za panda. Za mbele ziwe na kimo cha mita 2 juu ya ardhi, na za nyuma mita 1 na nusu, ili maji ya paa yateremkie nyuma. Upana wa banda uwe mita 2, na kutoka mbele hadi nyuma mita 1. Sehemu za nguzo zitakazofukiwa zipakwe oili chafu. Mivinje au matawi manene ya mkorosho yatafaa, mkoko tuuache. Laza boriti, funga fito, kisha ezeka kwa makuti, na paa litokeze mbele kiasi cha mkono mmoja. Pande zisikandikwe udongo, bali zifungwe fito zenye nafasi kati yake, maana kuni hukaushwa na upepo kama nguo. Chini panga mawe, na juu yake tengeneza uchaga wa miti, sentimita 30 kutoka ardhini. Hapo mchwa akianza kujenga njia yake utaiona mapema.

Mwisho, gawa banda vyumba viwili kwa fito. Kimoja ni cha kuni za kupikia sasa; cha pili ni cha kuni zinazoendelea kukauka. Cha kwanza kikiisha, vyumba hubadilishana zamu. Kuni zichanjwe kabla ya kupangwa, kwa sababu gogo zima hukauka polepole sana. Matawi yaliyopogolewa mikoroshoni, yakichanjwa na kupangwa mwezi wa Juni, yatakuwa yamepata miezi kama sita ya kukauka kabla ya mvua za Desemba.

Wazee watasema kwamba bibi zetu walikausha kuni katika uchaga ulio juu ya mafiga. Ni kweli, na ni busara. Lakini hapo hukaa kuni za siku mbili tatu tu, na mvua zetu ni za miezi. Wahenga walisema akiba haiozi. Akiba ya kuni huoza, ikilazwa chini.

Wengine watauliza: kwa nini tuzijengee kuni nyumba wakati nchi inahamia gesi? Swali hili ni zuri, hasa hapa kwetu. Gesi iligunduliwa Ghuba ya Mnazi mwaka 1982, na bomba la kutoka Madimba hadi Dar es Salaam lilizinduliwa mwaka 2015. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unalenga asilimia 80 ya Watanzania wapike kwa nishati safi ifikapo mwaka 2034. Naliunga mkono lengo hilo kwa moyo wote. Siku mama yangu atakapopata jiko la gesi, banda la kuni litakuwa la kuku. Lakini chakula cha leo usiku hakitangojea mwaka 2034.

Basi, ndugu zangu wavulana, panga na shoka vipo nyumbani, na makuti yapo. Kazi ni ya siku mbili au tatu. Kila atakayejenga na aandike katika toleo lijalo la gazeti letu: alitumia vipimo gani, miti gani, na mama alisema nini. Nanyi wazazi wetu mtakaosoma haya, msituache tukae barazani likizo nzima kwa heshima ya kuwa wasomi. Tupeni shoka.